Singida 'imefungwa' au 'kafungwa'? Mpira mmoja, lugha mbili

Singida. FILIMBI ya mwisho ikishapulizwa pale Uwanja wa Liti, kuna jambo hutokea ambalo mashabiki wamelizoea hadi hawalishangai tena.

Kijana aliyekimbia dakika 90, aliyekuwa akimpigia kelele beki wake "Panda! Panda! Mwachie huyo, njoo kati!", anasimamishwa mbele ya bango la wadhamini. Kipaza sauti kinasogezwa. Mtu anabadilika ghafla. Mikono inarudi nyuma, macho yanaangalia chini, sauti inapoa.

"Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu. Mchezo ulikuwa mgumu, wapinzani wetu walijiandaa vizuri, lakini tulifuata maelekezo ya mwalimu. Tunawaomba mashabiki wazidi kutusapoti."

Basi. Imeisha hiyo.

Maneno hayo unaweza kumpa mchezaji wa timu yoyote, mechi yoyote, msimu wowote, na yatamkaa sawasawa. Timu imeshinda tatu bila, ni hayo hayo. Imelala, ni hayo hayo, ila inaongezwa "Mungu hakupenda" na "tunarudi kwenye uwanja wa mazoezi".

Sasa mfuate saa moja baadaye, akiwa amekaa na washikaji, sahani ya kuku wa kienyeji katikati. Utasikia kitu kingine kabisa:

"Yule fulubeki wao alikuwa anapanda halafu harudi. Nikamwambia dogo, usinipe mguuni, niwekee nyuma yake. Ya kwanza kanipa mguuni. Ya pili kaniwekea. Nikamwacha jamaa, nikamwaga, mwana kaunganisha."

Mechi yote imo humo. Kuna tatizo lililoonekana, mpango uliopangwa, kosa la mara ya kwanza na bao la mara ya pili. Kocha yeyote angemwelewa. Shabiki aliyelipa kiingilio angefurahi kuyasikia. Lakini hayo hayarushwi hewani, kwa sababu kijana anaamini hiyo siyo lugha ya kuongea redioni.

Amelitoa wapi wazo hilo? Shule. Watoto wengi wa mkoa huu nyumbani wanaongea Kinyaturu au Kinyiramba, mtaani wanaongea Kiswahili cha mtaani, na kile sanifu wanakutana nacho darasani kikiwa na chaki, kalamu nyekundu na pengine fimbo. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, mbali kabisa na mawe ya Singida. Kwa hiyo mwandishi akisogeza kipaza sauti, kijana haoni maongezi pale, anaona mtihani. Na kwenye mtihani mtu hujibu kile alichokariri.

Makosa siyo yake peke yake. Na anayeuliza "unauzungumziaje mchezo wa leo?" kauliza swali lililokaririwa. Swali la aina hiyo halijawahi kuleta jibu la maana.

Kapiga, kadaka, katoa

Kaa jukwaa la mzunguko siku ya mechi, ufumbe macho usikilize. Hutasikia mtu akisema "mshambuliaji amepiga shuti, mlinda mlango ameudaka mpira". Utasikia "Kapiga! Kadaka!"

Wapo wanaosema huko ni kuharibu lugha. Siyo kweli, au siyo kweli yote. Hiyo "ka" ya mtaani inafanya kazi ya "ame", ila ni fupi zaidi, na mpira haumsubiri mtu amalize silabi. Ina sheria zake pia. Hakuna Mswahili anayesema "mimi kapiga" au "sisi kapiga". Inamkaa yule mmoja anayetazamwa, yule mwenye mpira mguuni. Mtoto wa miaka sita anayekimbiza chandimu anaipata bila kufundishwa na mtu.

Mtangazaji wa redio yeye anapita njia ya tatu. Tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary walipokuwa macho ya watu ambao hawakuwa na televisheni, lugha ya kutangaza mpira ilikuwa "anakwenda, anamtoka wa kwanza, anatoa pasi". Kila kitu kinatokea sasa hivi. Siyo "kapiga" ya jukwaani wala "alipiga" ya gazeti la kesho yake. Ilikuwa sanifu, lakini sanifu iliyovaa njumu, na ndiyo iliyowazoesha watu wa Manyoni na Kiomboi kusikia "mlinda mlango" na "mwamuzi" bila kucheka.

Kuna kichekesho hapo. "Mlinda mlango" ni Kiswahili kitupu, lakini ndiyo lugha ya suti. "Kipa" limetoka kwa Waingereza, lakini ndiyo lugha ya mtaani. Ni hivyo hivyo kwa "mwamuzi" na "refa", "mshambuliaji" na "straika". Mtaa uliyachukua maneno ya Kiingereza ukayafuga kama kuku: refa, marefa, kipa, makipa, beki, mabeki. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha, na Baraza la Kiswahili la Taifa, Bakita, lilipoanzishwa mwaka 1967 lilikuta mengi yameshahamia mdomoni mwa watu.

Mengine mtaa umeyazaa wenyewe, na hayo ndiyo matamu. Mchezaji akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani na kuuchukua upande wa pili, sanifu inahitaji sentensi nzima, kama hii hapa. Mtaani wanasema "kamvika kanzu". Ukipita katikati ya miguu, "kampiga tobo". Kiungo anayekimbia kutwa nzima, anakaba, anabeba mizigo ya wenzake na hapewi sifa, ni "kiungo punda", na mkulima yeyote wa hapa anajua punda anafanya kazi kiasi gani.

Hata "kupaki basi", ambalo José Mourinho alilitoa England mwaka 2004 akiisema Tottenham, limekuja kukaa hapa kana kwamba limezaliwa Stendi ya Misuna.

Nani kafungwa?

Juni 29, 2025, Zanzibar, Yanga iliifunga Singida Black Stars 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Tukio ni moja. Sikiliza lilivyosemwa.

Gazeti: "Singida Black Stars imefungwa." Timu hapo ni kitu, kama meza au nyumba. Taarifa inatolewa, hakuna anayelia.

Redioni, mchambuzi: "Singida wamefungwa." Sasa ni watu, wachezaji 11 waliokosea hapa na pale.

Shabiki wa Jangwani: "Singida kafungwa." Au vibaya zaidi, "Singida kafa mbili." Hapo klabu nzima imegeuzwa mtu mmoja, jirani unayemjua, ambaye kesho asubuhi utamgongea mlango umcheke.

Na Mnyaturu aliyevaa jezi: "Tumefungwa." Hakuingia uwanjani, hakugusa mpira, pengine hata boti ya Zanzibar hakuipanda. Lakini ni "tu".

Sarufi ya darasani itasema sahihi ni ya kwanza, ya pili inavumilika, ya tatu ni ya mtaani. Ila mwenye mpira wake anajua hizo siyo njia nne za kusema jambo moja. Kila moja inakwambia msemaji amekaa wapi. Mwambie shabiki wa Singida atumie "imefungwa" kuhusu timu yake mwenyewe, uone kama atakuelewa.

Septemba mwaka huo huo mambo yaligeuka, Walima Alizeti walipoifunga Al Hilal ya Sudan 2-1 na kubeba Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam. "Imetwaa," waliandika wenye kuandika. Huku ilikuwa "tumebeba ndoo".

Na hiyo "tu" imepata kazi ya ziada mkoani hapa, kwa sababu jina rasmi la timu halitulii. Singida United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Arusha, ikalala 3-2 kwa Mtibwa Sugar. Ikashuka. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, ambayo kabla ya hapo ilikuwa DTB. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 hiyo ikabaki Fountain Gate na kwenda zake Babati, huku Ihefu ya Mbeya ikija Singida na kuwa Singida Black Stars.

Kwenye makaratasi hizo siyo klabu moja. Mtaani ni neno moja tu, "Singida". Mtu wa Ikungi akisema "Singida inacheza Jumapili" hahitaji kuongeza kitu. Mwandishi wa msimamo wa ligi ndiye anayeumwa kichwa.

Uwanja nao uko hivyo hivyo. Rasmi ni CCM Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya hapa yanasema aliwapinga Wajerumani kwa kutumia nyuki. Ni jina zuri lenye historia ya watu wenyewe. Lakini mpandishe mzee kwenye bodaboda, atamwambia dereva "nipeleke Namfua", na atafika.

Neno likiingia kwenye karatasi

Mpaka hapo mtaa unaongoza kwa mabao. Lakini kuna sehemu mtaa unalala, tena unalala vibaya.

Chukua neno "wamebebwa". Kila shabiki analijua. Penalti yenye utata ikitolewa, jukwaa zima linaimba mbeleko. Sasa soma taarifa za Bodi ya Ligi mwamuzi anapoadhibiwa. Hutakuta "alibeba". Utakuta ameshindwa kumudu mchezo, au ameshindwa kutafsiri vyema sheria za mpira wa miguu.

Shabiki anaona hapo wamefichana. Mara nyingine ni haki yake kushuku. Lakini maneno hayo mawili hayana uzito sawa. "Wamebebwa" inasema refa alikusudia, na nyuma yake kuna mtu aliyelipa. "Ameshindwa kutafsiri" inasema alikosea tu. Kwa la kwanza unatakiwa ulete ushahidi. Kwa la pili mkanda wa video unatosha. Kiongozi wa klabu anayelisema la kwanza hewani akidhani yuko kijiweni anaweza kujikuta anajieleza mbele ya Kamati ya Maadili.

Watu wazima wenye uzoefu wa maneno wameshaponzwa. Julai 2022 kamati hiyo ya TFF ilimfungia Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Yanga, miaka miwili na faini ya Sh20 milioni kwa maneno aliyodaiwa kumtolea rais wa TFF, Wallace Karia, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho Arusha. Manara ni mtu anayeishi kwa mdomo wake. Kama yeye yalimkuta, dogo wa miaka 19 kutoka Mkalama ana kinga gani?

Uchawi nao una lugha mbili. Mtaani: "wameroga", "wamemwaga ndumba golini", "wameruka ukuta". Kwenye hukumu za Kamati ya Saa 72 (ambayo mtaani, bila kujali sarufi, ni "Kamati ya Masaa 72") utasoma "vitendo vinavyoashiria imani za kishirikina" na "kutumia mlango usio rasmi". Watu huicheka hiyo lugha ndefu. Lakini itazame vizuri. Haisemi kuwa uchawi upo, wala haisemi haupo. Inasema mtu alionekana akifanya kitendo fulani. Kamati haiwezi kuthibitisha kwamba mpira ulikataa kuingia kwa sababu ya unga uliomwagwa. Kwamba kuna mtu alimwaga unga, hilo inaweza. Maneno marefu, lakini kila moja lina kazi.

Halafu kuna kadi. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inamtaka mwamuzi amtoe nje mchezaji anayetumia lugha ya kuudhi, ya kashfa au ya matusi. Haitoi orodha ya maneno. Sasa mtaani "huyu dogo mbaya sana" ni sifa, maana yake anajua. "Mshenzi huyu, kaua!" pia ni sifa, ikisemwa na mwenzako baada ya bao kali. Neno hilo hilo, dakika tatu baadaye, akielekezewa mwamuzi wa akiba, linaingia kwenye ripoti likiwa limenyooshwa, bila kicheko chake wala bao lililolizaa. Karatasi haina toni. Anayeisoma hakuwa uwanjani.

Ndiyo maana marefa wenyeji wa ndondo za vijijini, wanaowajua watoto kwa majina na wazazi wao, huonekana wapole kuliko wale wa ligi. Siyo upole. Wanajua nani katukana na nani kaongea tu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu

Pigo kubwa liko kwenye mshahara.

Mchezaji anayedai, mtaani anaeleweka haraka. "Wananizungusha." "Bosi hapokei simu." "Wamenipa hela ya kula tu." Washikaji wanatikisa kichwa, wanamchangia vocha. Anamwambia meneja wa timu, anamwambia nahodha, anamwambia mwandishi kwa sharti la kutotajwa jina. Miezi inakatika. Kwa hesabu yake ameshalalamika mara 20.

Kwa hesabu ya karatasi hajalalamika hata mara moja.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kilichoanza kutumika mwaka 2018. Klabu ikishindwa isivyo halali kumlipa mchezaji angalau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anakuwa na sababu ya msingi ya kuvunja mkataba. Ila lazima kwanza aiandikie klabu kwamba inadaiwa, na aipe muda usiopungua siku 15 ilipe deni lote. Aandike. Siyo aseme, siyo atume ujumbe wa sauti akiwa amekasirika, siyo aache kuja mazoezini. Akisusa mazoezi bila barua, yeye ndiye anayegeuka mkosaji, na klabu inayomdai adabu itakuwa na karatasi mkononi wakati yeye ana maneno tu.

Hapo ndipo woga wa darasani unamrudia. Anakumbuka barua ya kiofisi ya shule: anuani mbili, "YAH", "Husika na kichwa cha habari hapo juu", "tafadhali rejea somo tajwa". Anaona haiwezi. Anamtafuta ndugu aliyefika chuo amwandikie. Ndugu anajaza ukurasa mzima wa heshima na unyenyekevu, anaomba "kupatiwa stahiki zake pindi uwezekano utakapopatikana", na deni lenyewe halitajwi ni la miezi mingapi. Barua nzuri sana, sanifu tupu, na haimsaidii kitu. Imeipa klabu muda usio na mwisho.

Wakati kijana huyo huyo, kule kwenye sahani ya kuku, alieleza bao zima kwa sentensi tano bila neno la ziada: nani alikuwa wapi, nani alikosea, kilifanyika nini kwanza na kipi kikafuata. Kipaji hicho ndicho barua inachokitaka. Abadilishe maneno machache tu, "kanipa" iwe "alinipa", atoe "wananizungusha", aweke tarehe.

Ikiandikwa namna hiyo inakuwa fupi kuliko mahojiano ya baada ya mechi:

"Sijalipwa mshahara wa mwezi Machi na wa mwezi Aprili. Mkataba wangu unasema nilipwe kila tarehe 30. Nawapa siku 15 kuanzia leo kunilipa deni lote."

Jina, sahihi, tarehe. Nakala moja anabaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa.